Lindo la Usiku State Street

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa nasoma Boston, na ada niliitafuta usiku. Nililinda jengo moja la ofisi State Street, katikati ya mji, mahali ambapo mchana mawakili na watu wa benki wanapigana vikumbo na usiku husikii ila upepo unaotoka bandarini. Vitendea kazi vyangu vilikuwa daftari la wageni, simu ya upepo, bunda la funguo na koti zito lenye nembo ya kampuni begani. Kila baada ya saa moja nilitoka nje, nikazunguka jengo, nikajaribu vitasa, nikarudi ndani kuandika kwamba hali ni shwari. Januari na Februari mzunguko huo ulikuwa adhabu. Baridi ya kule inaanzia kwenye meno, inashuka vidoleni, na viatu tulivyopewa walinzi havikuwa na uwezo wa kuizuia.

Hatua chache kutoka mlangoni petu lilisimama jengo dogo la matofali liitwalo Old State House, la mwaka 1713, limezungukwa na maghorofa pande zote. Juu ya paa lake wako simba na farasi wa pembe moja, alama za ufalme wa Uingereza. Chini yake inapita treni ya mjini. Upande wa mbele, chini ya kibaraza, mawe yamepangwa barabarani yakafanya mduara. Mchana watalii walisimama pale wakapiga picha. Usiku niliukanyaga mduara ule mara nyingi bila kujua ni wa nini.

Aliyenijuza alikuwa mzee wa zamu ya jioni, mwalimu wa historia aliyestaafu, ambaye pensheni haikumtosha. Nilimwita Mzee, nikamweleza maana yake, na tangu hapo hakutaka nimwite kwa jina. Akishanikabidhi funguo hakuwa na haraka ya kuondoka. Alikaa kusubiri treni ya mwisho, akimimina kahawa kutoka kwenye chupa yake ya chai na kunisomesha. Usiku mmoja wa Machi, theluji imeganda kuwa barafu kando ya njia, aliniambia nitoke naye. Akanisimamisha karibu na mduara.

“Wewe ni kijana,” akasema. “Umevaa koti la mwajiri wako, unalinda mali ya mtu usiyemjua, katika mji usio wako. Kundi la vijana linakuja, linakutukana, linakutupia barafu. Nawe una bunduki. Utafanya nini?”

Kisha akanihadithia. Usiku wa tarehe 5 Machi 1770, pale pale, barabara ikiitwa King Street, askari wa Uingereza aitwaye Hugh White alikuwa lindoni mbele ya ofisi ya forodha. Kijana mmoja, mwanagenzi wa fundi wa nywele za bandia, alipita akimsema ofisa fulani kwamba hajalipa deni lake. White akamtandika kwa kitako cha bunduki. Kijana akapiga kelele, wenzake wakaja, kengele za makanisa zikagongwa kama kwamba mji unaungua, watu wakamiminika na magongo. Vikaruka vipande vya barafu, maganda ya chaza na matusi. Kapteni Thomas Preston akaja na askari saba kumnusuru mlinzi wake, wakajipanga nusu duara. Askari mmoja akaangushwa, akainuka, akafyatua. Wengine wakafuatia. Watu watatu wakafa pale pale, wa nne, kijana wa miaka 17, akafa asubuhi yake, na wa tano baada ya siku tisa. Anayetajwa kuwa wa kwanza kuanguka ni baharia Crispus Attucks, mtu mwenye damu ya Kiafrika na ya wenyeji asilia wa nchi ile, ambaye inaaminika alikuwa mtumwa aliyetoroka.

Nilimjibu Mzee bila kuficha kwamba ningeogopa. Akasema White naye aliogopa, na kwa sababu hiyo hasa watu wa Boston hawakutaka awepo pale.

Jibu lile lilinikaa. Nilikuwa nimedhani kwamba Wamarekani wa mwanzo walilichukia jeshi kwa sababu askari wa mfalme walikuwa makatili. Mzee hakulikubali hilo hata kidogo. Alinikumbusha kwamba aliyewatetea askari wale mahakamani ni John Adams, mwanasheria wa Boston aliyekuja kuwa Rais wa pili wa Marekani, mtu ambaye hakutaka kabisa jeshi lile likae mjini kwake. Preston aliachiwa huru. Kati ya askari wanane, sita waliachiwa na wawili wakapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakachomwa alama kwenye kidole gumba, wakaenda zao. Adams aliliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba askari wakiwekwa katika mji wenye watu wengi watazusha fujo mbili kwa kila moja watakayozuia. Lawama aliiweka kwa waliowapeleka.

“Usianze na risasi,” Mzee alinionya. “Anza na siku waliyoteremka melini.”

Waliteremka tarehe 1 Oktoba 1768, vikosi vya 14 na 29, ngoma zikipigwa, wakapanda kutoka gatini hadi katikati ya mji, bunduki zimechomekwa singe. Vingine vikafuata baadaye. Boston ulikuwa mji wa watu wapatao 16,000, mji ambao mtu angeweza kuuzunguka kwa miguu kabla chakula cha mchana hakijaiva. Hapakuwa na vita. Wafaransa walikwisha kushindwa na kuiacha Kanada miaka mitano nyuma. Askari walikuja kuwalinda maofisa wa forodha, maana wananchi walikuwa wakigomea kodi ambazo bunge la London lilitunga bila wao kuwa na mjumbe ndani yake. Wengine walilazwa Faneuil Hall, ukumbi wa mikutano ya wananchi. Lindo kuu liliwekwa mkabala na jengo la baraza, na mizinga miwili ikaelekezwa mlangoni ambamo wawakilishi wa watu waliingilia.

Kilichofuata ni maisha ya kila siku, na Mzee aliyapenda mambo hayo madogo kuliko vita vyenyewe. Mtu anarudi nyumbani kwake usiku, anasimamishwa na mlinzi, anaulizwa yeye nani na anakwenda wapi. Jumapili watu wako ibadani, nje ngoma na filimbi za gwaride. Kwenye uwanja wa Common, ambapo ng'ombe wa wananchi walilisha, askari wanaotoroka wanachapwa viboko hadharani. Kikosi cha 29 kilikuwa na wapiga ngoma Weusi, na wao ndio walioshikishwa viboko hivyo. Mwisho wa Oktoba ile ile, askari mtoro mmoja akapigwa risasi uwanjani hapo mbele ya wenzake na wakazi wa mji.

Halafu kulikuwa na njaa ya askari wenyewe, ambayo mimi niliielewa upesi kuliko Mzee alivyotarajia. Mshahara wa askari wa ngazi ya chini ulikuwa mdogo, na makato yake mengi. Ikabidi watafute vibarua saa za mapumziko, na walikubali ujira mdogo kuliko wafanyakazi wa mji. Tarehe 2 Machi 1770 askari mmoja alikwenda kuomba kazi kwenye kiwanda cha kamba cha John Gray. Mfanyakazi mmoja akamjibu kwamba kazi ipo, aende akasafishe choo chake. Askari akaenda kuita wenzake, zikapigwa ngumi na virungu. Miongoni mwa askari walioshiriki ugomvi ule alikuwamo Matthew Kilroy. Miongoni mwa mafundi wa kamba alikuwamo Samuel Gray. Siku tatu baadaye wawili hao walikutana tena King Street, na Gray akafa kwa risasi. Kilroy alikuwa mmoja wa wale waliochomwa kidole.

Mimi nilikulia Kawe, Dar es Salaam, jirani na kambi ya jeshi ya Lugalo. Tarumbeta ya alfajiri ndiyo iliyotuamsha kwenda shule. Wajeda walikula mihogo na samaki wa kukaanga kwa mama, wakaandikiwa kwenye daftari, mwisho wa mwezi wakalipa. Walicheza mpira na kaka zangu. Ukipotea njia, ukimwona afande unamkimbilia. Nilipomweleza Mzee haya, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali mawili: wanalipwa na nani, na ni nani anayeweza kuwaambia warudi nyumbani wakarudi?

Nikamsimulia aliyonisimulia baba. Mwaka 1964 baba alikuwa kibarua bandarini. Alfajiri ya tarehe 20 Januari, askari wa kambi ya Colito, ndiyo Lugalo ya leo, waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakaingia mjini, wakashika Ikulu, redio na uwanja wa ndege. Walitaka mshahara bora na maofisa Waafrika, na madai yote mawili yalikuwa ya haki. Jeshi lile, Tanganyika Rifles, lilikuwa keya ile ile ya mkoloni iliyobadilishwa jina. Baba alikumbuka maduka yanavunjwa, na zaidi ya hapo alikumbuka kutojua Rais yuko wapi. “Kura tulipiga,” alikuwa akisema, “lakini siku ile kura haikuwa na pa kukaa.” Tarehe 25 Januari makomando wa Uingereza waliteremka kwa ombi la serikali, uasi ukaisha. Mwalimu Nyerere aliiona fedheha ya kuwaita wakoloni wa jana, akalivunja jeshi zima. Lililozaliwa tarehe 1 Septemba 1964, Jeshi la Wananchi, liliandikisha vijana wa TANU na wa Jeshi la Kujenga Taifa. Wajeda waliokula mihogo kwa mama walitokana na uamuzi huo.

Upande wa pili wa habari hii nilionyeshwa Waltham, mji mdogo magharibi ya Boston wenye Waganda wengi. Nilikwenda huko Jumapili kutafuta chakula cha nyumbani. Kulikuwa na mama mmoja aliyepika matoke na mchuzi wa karanga, akiuza nyumbani kwake. Siku ya kwanza nilimwamkia, “Shikamoo, mama,” nikaanza kuzungumza Kiswahili kwa furaha ya kumpata jirani. Uso wake ukafunga. Akanijibu kwa Kiingereza, akanipimia chakula, akanipa chenji, basi. Nilirudi tena, nikatumia Kiingereza. Miezi ikapita ndipo akanikalisha jikoni akaanza mwenyewe, kwa Kiswahili safi kuliko nilivyodhani.

“Mwana wange, nisamehe,” akasema. “Lugha hiyo mimi nilifundishwa na bunduki.” Miaka ya 1970 alikuwa binti wa sekondari Kampala. Kwenye vizuizi vya barabarani askari wa Idi Amin walitoa amri kwa Kiswahili: shuka, lete kitambulisho, funua mzigo. Ukijibu upesi unapita. Ukikosa neno, hukujua litakalofuata. Kaka yake alishushwa kwenye basi. Mama yule hakuendelea na habari ya kaka, nami sikuuliza. Alichosisitiza ni kwamba askari wale hawakuwa na deni kwa mtu yeyote mjini. Hukujua kwao ni wapi, na kwao hakuna aliyekujua.

Wiki ile ile ya Januari 1964 uasi ulikuwa umefika Jinja pia. Waingereza waliitwa kule kama kwetu, lakini serikali ya Uganda iliwapa askari nyongeza kubwa ya mshahara na jeshi likabaki lile lile. Ndani yake alikuwamo ofisa Idi Amin. Tarehe 25 Januari 1971 alishika nchi. Sisemi kwamba jambo moja tu ndilo lililoamua hatima ya nchi mbili; historia ya Uganda ina mengi. Nasema kwamba nilipotoka jikoni mle na kurudi lindoni State Street, sikuhitaji tena kuelezwa woga wa watu wa Boston.

Woga huo wao waliurithi. Mababu zao Uingereza walimwona Oliver Cromwell mwaka 1653 akilifukuza bunge kwa askari wa jeshi ambalo bunge lenyewe lililiunda, kisha akaigawa nchi chini ya majenerali wake. Wakamwona Mfalme James II akiongeza jeshi wakati wa amani. Walipomwondoa, waliandika katika Sheria ya Haki ya mwaka 1689 kwamba kuweka jeshi wakati wa amani bila ridhaa ya bunge ni kinyume cha sheria. Watu wa Massachusetts walijihesabu Waingereza kamili, na hoja yao ilikuwa fupi: bunge letu sisi halikuombwa ridhaa. Malalamiko hayo yamo katika Azimio la Uhuru la mwaka 1776, karibu kwa maneno hayo hayo.

Siku zangu za mapumziko nilipenda kuingia Old South, kanisa la zamani lenye kuta nyeupe na roshani za mbao, mwendo mfupi kutoka kazini. Tangu 1771 hadi 1783, kila mwaka, Boston ilimteua mtu kutoa hotuba ya kuwakumbuka wale watano, na mada ilikuwa ni hatari ya jeshi la kudumu. Mwaka 1775 daktari Joseph Warren alihutubia humo, maofisa wa Uingereza wakimsikiliza. Juni mwaka huo huo aliuawa vitani Bunker Hill. Mji ulipozingirwa, askari waling'oa mabenchi ya kanisa, wakamwaga udongo sakafuni, wakalifanya uwanja wa kufundishia farasi. Nilikaa humo nikijaribu kuisikia harufu ya samadi mahali ambapo watu walibatizwa.

Lakini sehemu ya historia hii ninayoiheshimu kuliko zote ni kwamba, baada ya ushindi, hawakuliamini hata jeshi lao wenyewe. Machi 1783, huko Newburgh, maofisa waliokaa bila mishahara walianza kunong'ona kulitisha bunge, na George Washington akawatuliza. Juni, askari wenye madai ya mshahara walilizingira jengo la bunge Philadelphia, wajumbe wakahamia Princeton. Tarehe 23 Desemba Washington alifika mbele ya bunge, Annapolis, kurudisha madaraka yake. Nilibahatika kukiona chumba walimokutana. Ni chumba cha kawaida, dari lake refu, wala hakitishi. Utaratibu ulipangwa mapema: wajumbe wakae, kofia vichwani, jenerali asimame, ainame mbele yao, wao wavue kofia tu, wasiiname. Karatasi ilitetemeka mkononi mwake alipokuwa akisoma. Akamaliza, akaaga, akaenda shambani kwake Virginia.

Juni 1784 bunge liliwaachia askari waliobaki, likabakiza 80 tu: 25 wa kulinda maghala Fort Pitt na 55 West Point. Ulinzi ukaachiwa mgambo wa majimbo. Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 ililegeza msimamo, ikaruhusu jeshi, lakini ikaweka kwamba fedha za jeshi haziwezi kuidhinishwa kwa zaidi ya miaka miwili. Rais, raia aliyechaguliwa, ndiye amiri jeshi mkuu, na mfuko unashikwa na wabunge wanaorudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka miwili. Elbridge Gerry wa Massachusetts aliona bado haitoshi, akakataa kutia saini. Mwaka 1791 marekebisho ya tatu ya Katiba yakakataza kuwaingiza askari katika nyumba za watu wakati wa amani bila idhini ya mwenye nyumba.

Mzee hakunificha yaliyoharibika. Tarehe 4 Novemba 1791 Wamiami, Washawnee na wenyeji asilia wenzao, wakitetea ardhi yao, waliliangamiza jeshi la Marekani lililoongozwa na Arthur St. Clair, zaidi ya askari 600 walikufa, wengi wao watu waliookotwa na kufunzwa haraka haraka. Baada ya hapo jeshi la kudumu likakua, na kazi yake kwa miaka mingi ikawa kuwanyang'anya wenyeji wale ardhi. Na mgambo nao, waliosifiwa kuwa ngao ya uhuru, kule Virginia na South Carolina waliunda doria za usiku za kuwasaka watumwa. Kwa ndugu zake Crispus Attucks, askari wa kuogopwa alikuwa jirani mwenye shamba. Naamini waasisi wale waliona sawasawa nusu ya jambo: kwamba mwenye silaha lazima awajibike kwa watu anaokaa nao. Nusu ya pili, kwamba watu ni wote, hawakutaka kuiona.

Marekani ya leo ina askari wa kudumu zaidi ya milioni moja, na kambi katika nchi nyingi duniani. Kifungu cha miaka miwili bado kimo ndani ya Katiba, na bunge lao huzipigia kura fedha za jeshi kila mwaka. Kama wanaopiga kura hiyo wanasoma wanachokipigia ni juu ya wananchi wao kuwauliza.

Kwetu, hotuba ya bajeti ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa husomwa Dodoma kila mwaka mbele ya wabunge tuliowachagua. Isikilizeni siku hiyo, na mbunge wenu akija kwenye mkutano wa hadhara, muulizeni alisema nini ilipofika zamu yake.